Muuguzi Aliyefungiwa Farmasi

Saumu binti Waziri alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na hakuna dawa aliyowahi kunywa ikamponya. Baba yake, mwenye maboti mawili ya mota pale Baraka, alizoea kusema kwamba mtoto huyu akifika kaburini atawauliza malaika wametumwa na nani na asubuhi wamekula nini. Alipokua akasomea uuguzi, na akiwa na miaka ishirini na minane alikuwa akizalisha kina mama kwenye kituo kimoja cha afya kando ya barabara ya Mboko. Jina la kituo tuliache. Waliomo ni watu wazuri, na wanahitaji kazi yao.

Mwaka huo swali lililomkaa kooni lilikuwa moja tu: Mama Godelieve anawezaje kulala?

Usidhani nasema usingizi wa usiku, huo kila mtu anaujua na mto wake. Mama Godelieve alikuwa analala saa saba mchana, kwenye benchi la nyuma ya chumba cha vipimo, mdomo wazi, anakoroma bila aibu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na sita kati yake ameipitisha ndani ya bluzi nyeupe ya uuguzi. Vita vimempitia, kipindupindu kimempitia, surua imempitia. Na juzijuzi mzee mmoja mvuvi alimfia mikononi, lakini kabla wiki haijaisha, mama wa watu yuko kwenye benchi lake, anakoroma.

Saumu alimwangalia kwa wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa mzaha. Yeye hakuwa amelala vizuri tangu siku ya Furaha.

Furaha alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Baraka kama yeye. Alijifungua Jumanne adhuhuri, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Halafu damu ikaanza kutoka na ikakataa kukoma. Saumu alikuwa peke yake katika chumba cha uzazi, maana wenzake wote walikuwa upande wa pili wa kiwanja wakichanja watoto. Alifanya alichofundishwa: alikanda tumbo la uzazi, akadunga sindano, akatundika serumu ya maji ya mshipani. Damu ikaendelea. Ilibidi aite ambulansi kutoka hospitali kubwa, na pale kituoni rezo ya simu haishiki hata ukipanda juu ya meza. Inashika darajani tu. Akakimbia mpaka darajani, akapiga, akarudi. Alipoingia, Furaha alikuwa amekwisha kukata roho.

Sasa hapo kuna desturi ya kazi ambayo haikuandikwa popote, ila kila muuguzi wa pande zetu anaijua. Mgonjwa akifa, yule aliyekuwa naye anaingizwa farmasi na mlango unafungwa kwa kufuli, mpaka familia imechukua maiti na kuondoka. Ni kwa sababu kuna wauguzi waliowahi kupigwa. Kwa hiyo Papa Jérémie, mkubwa wa kituo, alimshika Saumu begani, akamsukuma ndani, akafunga. Saumu akakaa kati ya makatoni ya serumu, akasikia kilio cha wanawake kikianza, kikipanda, kisha kikienda mbali barabarani. Alipofunguliwa, kulikuwa na mama mwingine mwenye uchungu anamngoja, na akamzalisha. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Tangu hapo mikono yake ikawa na akili yake yenyewe. Akifika kwenye mlango wa chumba cha uzazi, inatetemeka. Nyumbani aliweka chumvi katika chai, akawagombeza watoto wa dada yake kwa kucheka tu. Papa Jérémie, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimhamishia kwenye kupima uzito wa watoto kwa wiki chache. Halafu akamwambia ukweli wake: kina mama wanazidi, hana mtu mwingine. Jumatatu ya mwisho wa mwezi Saumu arudi chumba cha uzazi, au arudishe bluzi.

Saumu alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Dada yake mwingine alimwita Misisi, wakauze vikwembe, yaani vitenge, kwa wachimba dhahabu. Kilichomzuia kuitoa barua ni hilo swali. Kama kweli iko njia ya kuwa muuguzi miaka ishirini na sita na bado ukakoroma, basi yeye alitaka aijue kabla ya kuondoka. Na kama haiko, aende zake kwa amani.

Akaanza uchunguzi. Kwanza alidhani mama anakunywa. Akafungua termosi yake kwa siri, akanusa: chai ya tangawizi, tena kali ya kukufumbua macho. Akadhani ni maombi. Siku ya Alhamisi, yeye Mwislamu wa watu, akasimama nyuma ya ukuta wa kanisa akisikiliza. Mama Godelieve alikuwa wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka, na nyimbo alikuwa anaziharibu. Basi, akasema Saumu, huyu moyo wake ni jiwe. Wiki hiyohiyo mbuzi wa jirani akagongwa na pikipiki mbele ya kituo, na Mama Godelieve akalia machozi ya kweli, akamfariji mwenye mbuzi kama mfiwa. Dhana ya jiwe nayo ikaanguka.

Katikati ya hayo walikuja wageni wa shirika fulani na karatasi zenye viboksi. Walitaka kujua wauguzi wanajisikiaje: unalala vizuri, unaona hamu ya kula, unaogopa kuja kazini. Unaweka alama. Wote wakaweka alama kwenye "vizuri sana", toka juu mpaka chini, Saumu akiwa wa kwanza. Angefanyaje? Ukiandika hulali, kesho watasema hufai. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, wakaenda. Wahenga walishasema, mficha maradhi, kilio humfichua, lakini wahenga hawakuwa na mkubwa wa kazi.

Halafu Renilde akafa. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mke wa mkulima mmoja aitwaye Gordien, na alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani, mikononi mwa Mama Godelieve, mchana. Papa Jérémie akaja na ufunguo wa farmasi kama kawaida. Saumu akaona kwa macho yake Mama Godelieve akitikisa kichwa kukataa, akaenda kukaa kwenye kiti pembeni ya maiti, akangoja mume aingie. Papa Jérémie akabaki na ufunguo mkononi, akanung'unika kwamba huyu mama siku moja atawaletea balaa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Mama Godelieve. Saumu akamwona anapita barabarani, kikwembe cheusi kiunoni, anapanda pikipiki kuelekea upande wa kambi ya wakimbizi. Wee, nani angemzuia Saumu? Alimwachia mwenzake mizani ya watoto, akasema tumbo linamuuma, akamsimamisha motari wa kwanza aliyepita na pikipiki yake, akamwambia afuate ile pikipiki ya mbele, asiipite wala asiipoteze. Motari akamuuliza kama anamfuata mume. Saumu akamwambia aangalie mashimo ya barabara.

Wakafika nyumbani kwa Gordien. Kilio kilikuwa bado kibichi, turubai limefungwa, wanawake wanamenya mihogo, wanaume wamekaa kwenye mbao. Saumu akajipenyeza nyuma, akajifunika kichwa. Mama Godelieve alikuwa mbele, amekaa chini pamoja na wafiwa.

Mnajua jinsi kilio chetu kilivyo. Kila mgeni anayefika, akishalia na kusalimia, anauliza ilikuwaje, na mwenye msiba anaeleza. Anaeleza tangu mwanzo, na mgeni mwingine akifika anaeleza tena, mara kumi, mara hamsini, mpaka habari yenyewe inaanza kubebeka. Gordien alikuwa anaeleza. Alisema homa ilianza Ijumaa, alisema alivyombeba mkewe kwa baiskeli, alisema walivyopokelewa na kuambiwa angoje nje. Hapo akamgeukia Mama Godelieve, akamwambia aendelee yeye.

Na Mama Godelieve akaendelea. Alisema Renilde aliingia akiwa hajui tena jina lake. Alisema mishipa ilikuwa imejificha, akamdunga mara nne kabla serumu haijaingia, na huenda mtu mwenye macho mapya angeupata mshipa mara ya kwanza. Alisema dawa ilimkuta ameshachoka. Alisema kabla ya mwisho alitulia, akaomba maji kwa Kirundi, akapewa kijiko kimoja akakimeza. Kaka wa marehemu akasimama akamtukana, akasema wauguzi wote ni wauaji. Mama Godelieve hakuinuka. Yule kaka akaketi, akaanza kulia, na mgeni mwingine alipofika, Gordien akaanza upya, na safari hii kile kijiko cha maji alikitaja yeye mwenyewe.

Saumu alisubiri mpaka watoke barabarani. Hakujisumbua kujificha tena.

"Mama Godelieve, ndiyo hapa fasi unawekaka mizigo yote ya moyo?"

Mama Godelieve hakushangaa kumwona. Alisema alimwona tangu daraja la kwanza, na kwamba mtu anayefuata wenzake asivae kitambaa cha njano. Walitembea kidogo. Halafu akamweleza kwamba zamani naye alikuwa anafungiwa, na aliugua miaka miwili bila kujua anaugua nini, mpaka siku moja sokoni alikutana na baba wa mtoto aliyemfia. Yule baba hakutaka kupigana. Alitaka tu kujua mtoto alilia au hakulia.

"Sikiliza, mutoto wangu," akasema. "Bale batu bako na habari ya muntu wao, lakini katikati iko na tundu. Ile kipande tunaibeba sisi, na haiko yetu. Unabeba kitu ya mwenyewe, utalala namna gani?"

Saumu akauliza, maana yeye ni wa kuuliza: na wakikupiga? Mama Godelieve akasema walishampiga, mara moja, huko Fizi, makofi mawili. Akauliza tena: na kama kosa ni lako kweli? Mama Godelieve akasema basi hapo ndipo unapaswa kwenda zaidi.

Arobaini ya Furaha iliangukia Jumamosi, siku mbili kabla ya ile Jumatatu ya Papa Jérémie. Saumu alimwomba Mama Godelieve amsindikize, akakataliwa waziwazi: kila mtu anakwenda kwa wake. Papa Jérémie alipopata fununu alimwita ofisini, akamwomba kama mzazi asiende. Alimwambia familia ile ina maneno juu yake mjini. Maneno gani? Papa Jérémie akakwepa, akasema ni maneno tu.

Alikwenda. Aliogopa sana, nisikudanganye, na mara mbili alimwambia motari ageuze, na mara mbili akamwambia aendelee. Kisomo kilikuwa kimekwisha, wanaume wameshaanza kutawanyika, wanawake wako uani na masufuria. Akasema asalaam aleikum. Wakaitikia, kisha mmoja akamtambua, akawanong'oneza wenzake.

Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye mkeka, mjukuu wake amelala mapajani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho makavu. Alimwangalia Saumu juu mpaka chini.

"Ni weye ule ulikimbia," akasema.

Saumu hakuelewa. Ndipo shangazi mmoja, kwa hasira, akamweleza yale maneno ya mjini: kwamba walikuwa wamekaa kwenye varanda ya kituo, na walimwona muuguzi anatoka mbio, mikono ina damu, hasemi neno, anavuka barabara anapotea. Baadaye mkubwa akatoka kusema mgonjwa amekufa, na yule muuguzi hakuonekana tena. Nani asiyejua muuguzi akimbiaye ni muuguzi aliyeua? Kwa siku arobaini, kila mgeni aliyekuja kuuliza ilikuwaje, aliambiwa hivyo: wakamwingiza, mlango ukafungwa, muuguzi akakimbia, mtoto wetu Furaha akafa.

Kumbe ndivyo alivyokuwa anasimuliwa! Saumu aliona uchungu mpaka masikio yakamwaka, akataka kusema kwa nguvu kwamba si kweli, si kweli hata kidogo. Lakini alikumbuka Mama Godelieve alivyokaa chini. Akakaa chini. Akaanza tangu mwanzo.

Aliwaambia mtoto alizaliwa saa ngapi, na kwamba Furaha alicheka alipoambiwa ni msichana, akasema atafanana na bibi yake pua. Aliwaambia damu ilivyoanza. Aliwaambia sindano, serumu, mikono yake yote miwili juu ya tumbo. Aliwaambia rezo iko darajani tu, kwa hiyo alikimbia darajani, akapiga simu ya ambulansi, akarudi mbio vilevile, na hawakumwona akirudi kwa sababu alipita mlango wa nyuma ulio upande wa daraja. Aliwaambia kwamba baada ya hapo alifungiwa farmasi, na kwamba humo ndani alisikia kila sauti yao.

Angeweza kuishia hapo. Wanawake walikuwa wameshaanza kutikisa vichwa kwa huruma, yule shangazi ameinamisha uso. Ila hicho kilichobaki ndicho kilichomnyima usingizi, na alikijua. Mikono ikaanza kutetemeka; akaiacha itetemeke mbele ya watu.

"Mama," akasema, "wakati nilitoka, Furaha alikuwa angali mzima. Alinishika nguo, akasema, usiniache peke yangu. Nikatoka. Nilikupita pale mulangoni, ulikuwa hatua tatu tu. Sikukuambia ingia. Sheria inasema familia inabaki inje, na mi sikufikiri. Ningesema neno moja tu, angekufa ameshika mukono yako. Alikufa peke yake."

Mama Furaha alifumba macho. Aliketi hivyo kwa muda mrefu, mkono wake unampapasa mjukuu mgongoni, unapapasa, unapapasa. Shangazi alitaka kumwinua Saumu atoke, lakini Mama Furaha, macho bado yamefumbwa, akamzuia kwa kidole.

Na pale pale ikasikika hodi. Alikuwa ndugu yao mmoja kutoka Misisi, barabara mbovu imemchelewesha siku mbili, vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga magoti, akalia, akasalimia, akauliza kama ilivyo ada: ilikuwaje?

Saumu akangoja. Mama Furaha akafumbua macho, akavuta pumzi, akaanza. Homa haikuwapo, akasema, uchungu ulianza alfajiri. Akasema walivyofika. Akasema mtoto alipozaliwa, Furaha alicheka, akasema atafanana nami pua. Akasema damu, akasema sindano na serumu, akasema muuguzi alikanda kwa mikono miwili. Akasema muuguzi akakimbia darajani kutafuta rezo. Akasema, "Alinipita mulangoni, hakuniita." Hilo hakuliruka, wala hakulipunguza. Sauti ikamkatika, akanywa maji, akamaliza: mtoto wangu alikufa peke yake, na muuguzi mwenyewe ndiye amekuja kutuambia, huyu hapa.

Yule mgeni akageuka kumwangalia Saumu. Saumu, ambaye hakuwa ametoa chozi hata moja tangu ile Jumanne, akalia. Akalia kwa sauti, kama mfiwa, na mwanamke aliyekaa kando yake akamshika mgongo kama anavyoshikwa mfiwa.

Alipotulia, wanawake walikuwa wamerudi kwenye masufuria. Mama Furaha alikuwa bado anamwangalia, na uso wake haukuwa wa msamaha wala wa chuki. Ulikuwa uso wa mtu anayepima jambo.

"Nimekulaani siku arobaini," akasema. "Leo sijui nisemeje. Lakini iko neno nakuuliza. Mudogo wake Furaha, Jamila, ule pale kwenye moto, iko na mimba ya miezi saba. Anasema hataenda kituoni, afadhali azalie hapa nyumbani. Mi najua akizalia hapa, damu ikija, hatutakuwa hata na mutu wa kukimbia. Weye, hiyo siku, utakuwako?"

Saumu alimtazama yule msichana kwenye moto. Alikuwa anakoroga sufuria kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka kiunoni, na alijifanya hasikii huku amesimamisha mwiko.

"Nitakuwako," akasema. "Na weye, mama, hautabaki inje. Utaingia na mi, utakaa upande wa kichwa."

Mama Furaha akaitikia polepole. Kisha akamwita Jamila aache moto, aje amsalimie muuguzi wake.